KUENDESHA KINGA KISHA MIAKA 50

Baba mfanyakazi, wewe uliyepita miaka 50, leo tunasema nawe. Siku ya yenga unapotoa kinga yako kwenda kutembea kidogo, je, unaiendesha vizuri kuliko mwaka jana? Ao unaiendesha tu kwa mazoea ya ujana?

Wengi wanajibu: "Nilijifunza kinga nikiwa mtoto, nitajifunza nini tena?" Neno hilo ndilo linaangusha wazee. Kinga haikubadilika, lakini wewe umebadilika. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu theluthi moja tu ya mwangaza ambao jicho la kijana wa miaka 20 linapokea. Shimo ambalo mtoto wako analiona alfajiri, wewe unaliona ukiwa tayari ndani yake. Nguvu ya miguu inapunguka, shingo inakauka. Na mfupa si ule wa zamani: kijana akianguka anachubuka goti, mzee akianguka anavunjika kifundo cha mkono ao nyonga. Hapo nyumba nzima inajua. Kazi inasimama kwa miezi, na mama ndiye anamwosha bwana yake kama mtoto.

Lakini usifikiri kwamba mwili wa mzee haujifunzi tena. Sikia habari ya Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1911. Alikuwa zimamoto, akafanya kazi nyingi katika inchi mbalimbali, na akarudilia kinga akiwa karibu na miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja wa kinga kwa saa moja, akapita kilometa 24. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alifanya tena saa moja, na safari hii alifika karibu kilometa 27. Mtu wa miaka 102 alimshinda mtu wa miaka 100, na wote wawili ni yeye! Alikufa mwaka 2021, akiwa na miaka 109.

Alifanyaje? Mwalimu wa mambo ya mwili, Véronique Billat, alimpimia mazoezi. Karibu kilometa 5000 kwa mwaka. Katika kila sehemu kumi, nane zilikuwa za polepole, mbili tu za nguvu. Tena alizoezwa kuzungusha miguu upesi zaidi. Walipompima, pumzi yake ilikuwa imeongezeka.

Wewe huna uwanja wala mwalimu, lakini hesabu hiyo inaweza kukufaa. Ukitoka mara tano, mara nne uende mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Mara ya tano, ukiisha kupata moto mwilini, kaza dakika moja, pumzika dakika mbili tatu, kaza tena, mara chache tu. Usishindane na kijana wako. Kijana hashindwi kitu akikuacha nyuma, lakini wewe ukitaka kumfuata unaweza kushindwa sana. Kwenye mlima mkali, kama kinga yako haina vitesi, shuka uisukume. Wabeba makala wa barabara zetu wanasukuma, na hakuna anayesema kwamba hawajui kinga.

Sasa tuseme juu ya ufundi, maana nguvu peke yake haizuii kuanguka. Anza nyumbani, bila kinga. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, hesabu mpaka 10. Mwaka 2022 waganga wa Brazili walitoa habari ya watu 1702 wa miaka 51 mpaka 75: mmoja katika watano hakuweza. Kama wewe pia huwezi, fanya zoezi hilo kila siku unapopiga mswaki, mkono ukiwa karibu na ukuta, na ungoje kidogo mbele ya kwenda kwenye barabara ya magari.

Kisha tazama kiti. Kaa juu yake, mtu akushikie kinga, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo inatakiwa. Kiti cha chini sana kinaumiza magoti, na wazee wengi wanalaumu uzee kwa kosa la kiti.

Wazee wanaanguka sana wakati wa kupanda na kushuka, kinga ikiwa karibu kusimama. Kwa hiyo jizoeze mahali patupu, penye udongo mgumu. Laza kinga kidogo upande wako, shika freni, ndipo upitishe mguu. Kisha chora mistari miwili, nafasi ya hatua moja kati yao, uende katikati polepole kabisa. Watoto watacheka. Waambie wajaribu wao: kwenda polepole ni kugumu kuliko kwenda mbio. Macho yatazame mbele, si gurudumu, maana kinga inafuata macho. Ukitazama jiwe, utaligonga.

Zoezi la kutazama nyuma usilisahau, sababu malori hayatusubiri. Ukigeuza kichwa, mkono unavuta usukani bila wewe kujua. Legeza viwiko, geuza kichwa upesi, rudisha macho mbele. Fanya hivyo mara ishirini mahali patupu mbele ya kufanya mara moja barabarani.

Freni ya mbele inasimamisha zaidi kuliko ya nyuma, lakini ukiikaza ghafula peke yake inaweza kukutupa juu ya usukani. Kaza zote mbili, kidogo kidogo. Wakati wa mvua udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni, na wakati wa kiangazi mchanga unafanya vilevile. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, mbele ya kona, si ndani yake.

Usitoke kwa kinga mara tu kisha kazi ya usiku, wala kisha bia. Vaa kaski, nguo ya rangi nyeupe, na taa kama jua halijatoka. Chukua maji. Kama una ugonjwa wa damu kupanda, ao umekaa miaka bila mazoezi, onana kwanza na munganga.

Na wewe mama, sikia hili: baba akirudi na kusema kifua kinambana, ao mkono wa kushoto unamwuma, ao kizunguzungu kimemshika na jasho baridi linamtoka, usimpe chai na kumlaza. Mpelekeni lopitali saa ile ile.