Chembe Mama Zikipungua kwa Mtoaji
Mtu akijitolea kumpa nduguye mwenye saratani ya damu chembe mama, yaani zile zinazozaa damu, yeye hudungwa filgrastimu kwa siku 4 au 5. Chembe hutoka kwenye uboho wa mifupa na kuingia katika damu, kisha mashine huzichuja.

Je, zikiwa chache? Mtoaji asijilaumu, hata wenye afya njema hupatwa na hali hiyo. Kwa kawaida mgonjwa huhitaji angalau chembe milioni 2 kwa kila kilo ya uzani wake. Daktari anaweza kurudia kuchuja kesho yake, kuongeza pleriksafori, dawa inayozibandua chembe kutoka ubohoni, au kuvuta uboho kwenye nyonga, mtoaji akiwa ametiwa nusukaputi.

Haya yapangwe mapema: huenda uboho wa mgonjwa umekwisha kuharibiwa na dawa kali za kumtayarisha.