Nyasi Zimerefuka, Mashine Imeharibika
Kijitabu kwa wasimamizi wa shule, zahanati, nyumba za ibada na kaya zenye uwanja

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya masika, miezi ya Machi hadi Mei, wakati ukoka unapokimbilia juu na mashine ya kukatia nyasi inapogoma kuwaka. Jawabu la kawaida ni kumsubiri fundi. Fundi naye anasubiri kipuri, na mwezi unapita. Tunashauri usisubiri. Hata mashine ikirudi kesho, haina kazi kwenye nyasi zilizofika magotini. Imetengenezwa kupunguza nyasi fupi. Ukiisukuma kwenye nyasi ndefu zenye unyevu, majani hujaa chini ya bodi, kisu hukwama na injini huzimika. Mashine nyingi hurudi kwa fundi kwa njia hiyo hiyo.

Kazi ya kwanza ni ya fyekeo. Wengi wetu tulikutana nalo shuleni, mara nyingi kama adhabu, na huenda ndiyo maana tunaliona zana ya unyonge. Kwa nyasi ndefu, hakuna chombo cha bei yake kinacholishinda.

Kabla ya kufyeka

Pita uwanja mzima polepole ukiwa na fimbo ndefu na viatu vya mpira vinavyofika karibu na magoti. Pigapiga nyasi mbele yako. Unatafuta mawe, nyaya, vipande vya chupa, na mashimo. Unatafuta pia nyoka, hasa bafe, ambaye sehemu nyingine huitwa kifutu au moma. Huyu hana haraka ya kukimbia. Hulala kimya akitegemea rangi yake, na watu wengi huumwa kwa kumkanyaga. Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na bangili, zuia kiungo kilichoumwa kisitikisike, na mpeleke hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Okota makopo, vifuu na matairi yote. Watu husema nyasi ndefu huzaa mbu. Mbu huzaliana majini, na nyasi huficha vyombo vilivyokusanya maji ya mvua, vikiwemo vile anamotagia mbu aenezaye dengi. Ukifyeka ukaviacha, umepunguza maficho tu.

Kufyeka

Noa kwanza. Fyekeo butu halikati, linalaza nyasi tu, na mfyekaji huongeza nguvu hadi linamponyoka mkononi. Libane vizuri, shika tupa kwa mikono miwili, isukume upande mmoja bila kuirudisha kwa kukwaruza. Beba tupa uwanjani, maana utanoa tena kabla kazi haijaisha. Kagua na mpini: ukicheza, usianze.

Anza umande ukishakauka. Vaa suruali ndefu na miwani, kwa sababu kokoto huruka. Wafyekaji waachane hatua tano au zaidi, wasimame mstari mmoja na wasonge pamoja, asiwepo mtu mbele ya mwenzake. Watoto wakae mbali kabisa. Shuleni, mkato huu wa kwanza usiachiwe wanafunzi wadogo, hata kama ndiyo desturi.

Usikate hadi ardhini kwa siku moja. Watunza viwanja wana kanuni ya kutoondoa zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Kwa nyasi za magotini kanuni hiyo huwezi kuifuata barabara, lakini sababu yake ni ya kweli: sehemu ya chini ya nyasi ndefu imekosa mwanga, ni shina la njano tu. Ukiliacha wazi ghafla, jua hulichoma, mvua hubeba udongo, na magugu hupata nafasi. Basi mkato wa kwanza uache kimo cha shibiri hivi. Baada ya wiki moja, shusha hadi vidole vinne. Uwanja utaonekana wa kahawia kwa muda. Ukoka una matawi yanayotambaa juu na chini ya udongo, utachipua.

Ng'ombe au kondoo wa jirani wanaweza kusaidia, kama uwanja haujapuliziwa dawa. Mbuzi tunasita kumshauri. Chakula akipendacho ni majani ya vichaka, kwa hiyo atatangulia ua na maua yako, nyasi baadaye.

Nyasi zilizokatwa

Usichome. Moto wa nyasi hauulizi mpaka, na moshi huingia wodini na madarasani. Wafugaji wa ndani huzichukua kwa furaha, ila chambua mifuko ya plastiki kwanza, kwani huziba tumbo la ng'ombe. Zilizobaki zitandaze chini ya migomba. Kama ni ukoka, zianike kwanza hadi zikauke kabisa, la sivyo kila kipande chenye kifundo kitaota bustanini na utakuwa umejipandia adui.

Sasa mashine

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono kinaweza kuwasha injini. Ukiilaza mashine, plagi ielekee juu, oili isije ikaingia kwenye kabureta na chujio la hewa.

Mara nyingi ugonjwa ulianza kiangazi, petroli ilipoachwa kwenye tangi. Petroli iliyokaa miezi huchakaa na kuacha utando unaoziba kabureta. Imwage chomboni, weka mpya. Safisha plagi yenye masizi kwa brashi ya waya. Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni, likauke. La karatasi libadilishe. Pima oili. Kwangua nyasi zilizoganda chini ya bodi. Kama kisu kiligonga jiwe na sasa mashine inatetemeka, au kamba ya kuwashia inarudi kwa kishindo, hapo mwite fundi, usiendelee kuvuta.

Ikishapona, irudishe uwanjani nyasi zikiwa za vidole vinne, magurudumu yamepandishwa juu kabisa. Shusha ngazi moja moja kwa kila mkato. Mvua zikikatika, mwaga petroli yote chomboni, kisha washa mashine hadi izimike yenyewe kabla ya kuiingiza stoo.