Kete za Bao Zinapopungua: Tununue au Tutafute Mbadala?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Zikipotea nne tu, mchezo hauwezi kuanza sawasawa, na hapo mlaji wa Lushoto hukabiliwa na tatizo ambalo mwenzake wa Pangani halijui sana. Kete zinazopendwa na wachezaji wengi ni komwe, mbegu za mkomwe, nao ni mmea wa mwambao. Komwe anayeuzwa milimani amepanda gari kupitia Mombo na Soni, na nauli hiyo hulipwa na mnunuzi.

Kabla ya kutoa fedha, tujiulize kete inahitaji sifa gani. Katika bao, kete haina mwenyewe. Ile uliyoila kwa mwenzako huipanda upande wako, naye aweza kuirudisha kwake mzunguko ufuatao. Kwa hiyo rangi si hoja. Kinachotakiwa ni kete zote zilingane kwa umbo na ukubwa, kwa kuwa mchezaji mzoefu husoma shimo kwa jicho, na kete moja nene humpotosha. Drafti ni kinyume chake: kila upande huwa na kete 12 ambazo lazima zitofautiane na za mpinzani, ndiyo maana visoda, vingine vikifunikwa na vingine vikilazwa chali, hutosha kabisa bila gharama yoyote.

Ushauri wetu ni huu. Zikipungua kete chache, nunua komwe wachache wa kujazia, wala usikubali kuuziwa seti nzima. Zikipotea nyingi, badilisha zote kwa pamoja. Mbadala tunaoupendelea kwa Lushoto ni kokwa za plamu, tunda linalolimwa huko huko: ni ngumu, hazikwaruzi mbao, na ukubwa wake haukosani sana na wa komwe. Zichemshe, zisugue mpaka nyama yote itoke, kisha uzianike. Katika ukungu wa Usambara kazi hiyo yaweza kuchukua siku nyingi, na haraka hapa ni hasara, maana kokwa yenye unyevu huota kuvu mfukoni. Kusanya zaidi ya 64 ili upate nafasi ya kuchagua zinazolingana. Watoto wasizivunje kula kiini, kwani kina kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Maharage hubunguliwa na wadudu, na kokoto za mtoni hula mashimo ya bao zuri, hatuzipendekezi. (Wazee watalalamika kwamba kokwa hazina mlio wa komwe. Hilo ni kweli.)

Zipo mbegu mbili ambazo hazifai hata kidogo, ingawa zinavutia macho. Ya kwanza ni turituri, mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi. Ya pili ni nyonyo, yaani mbarika, yenye madoadoa kama marumaru. Zote zina sumu kali, na hatari huwa kubwa zaidi zikitafunwa. Mtoto akizitafuna, mpelekeni hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa dalili zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Chukueni na mbegu iliyobaki ili mganga aione. Aidha, kete ya aina yoyote isiachwe karibu na mtoto wa chini ya miaka 3, kwani yaweza kumkaba koo.

Msiingie Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba kuokota mbegu bila kibali.

Ukiamua kununua, hesabu kete mbele ya muuzaji. Akipima kwa kikombe, mimina uhesabu vilevile. Akisema ni komwe, tazama: komwe halisi ni wa kijivu, laini, mgumu kama jiwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayoiuza, na haibagui kati ya jokofu na mfuko wa kete. Omba stakabadhi inayotaja aina na idadi. Ukigundua umedanganywa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na stakabadhi hiyo pamoja na kete zenyewe. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala ya stakabadhi na kubaki na ile halisi.