KUPIMWA JENI ZA UGONJWA WA KUSAHAU: NI HERI KUJUA AU KUTOJUA?

Hebu tuanze na kisa cha mzee mmoja Mmarekani. James Watson ni yule mwanasayansi ambaye, pamoja na Francis Crick, aligundua umbo la DNA mwaka 1953. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 79, alikabidhiwa orodha ya jeni zake zote. Akakubali ulimwengu mzima uisome, ila mahali pamoja tu. Alitaka jeni iitwayo APOE ifichwe, hata yeye mwenyewe asiambiwe. Nyanya yake alikuwa ameugua maradhi ya Alzheimer, na mzee hakutaka kujua kama yumo katika foleni hiyo. (Kabla hujamsifu sana, kumbuka kuwa mwaka uo huo alitoa maneno ya dharau juu ya akili za Waafrika, maneno yasiyo na msingi wowote wa kisayansi. Alifariki mwaka 2025.)

Kisa hakikuishia hapo. Wataalamu wengine wakasema, ala, kuficha jeni moja hakutoshi! Jeni hukaa jirani kwa jirani kama nyumba za mtaa mmoja, na ukiwachunguza majirani unaweza kubashiri aliye katikati ni nani. Ikabidi sehemu kubwa zaidi ifutwe.

Sasa jiulize: mtu aliyeijua DNA kuliko karibu sisi sote alikataa kuisoma jeni yake moja. Kwani kuna nini humo?

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Sisi wanachama wa Kiswahili tuna kazi hapa, maana lugha ya mitaani haina jina moja la kuutaja. Utasikia tu, "Guka amerudi utotoni," au, "Akili za nyanya zimechoka." Katika makala haya nitauita ugonjwa wa kusahau, ingawa jina hilo halitoshi. Kusahau ulikoweka ufunguo si ugonjwa, sote husahau, hasa wakati wa mtihani. Mgonjwa hufika mahali akautazama ufunguo asijue ni wa kufanyia nini. Baadaye humwuliza mwanawe wa kumzaa, "Wewe ni nani?" Alzheimer ndiyo aina iliyoenea zaidi, na imepewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Mzee anayetangatanga usiku asijue aendako ni mgonjwa wa kutunzwa, lakini ni rahisi pia kusingiziwa uchawi. Kilifi na Kisii wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Basi jeni zinaingia wapi? Wenzetu wanaosoma Biolojia wanajua kuwa karibu kila jeni tunayo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. APOE iko katika kromosomu ya 19, na kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta mwilini na ubongoni. Ina aina tatu mashuhuri, nazo huitwa e2, e3 na e4. Walio wengi wana e3. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa wagonjwa wa Alzheimer wana e4 kwa wingi kupita kiasi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, mwenye e4 moja hatari yake huwa karibu mara 3 ya mwenye e3 mbili. Mwenye e4 mbili, mara 8 hadi 12.

Hapo ndipo watu huteleza. Wakisikia mara 12 wanadhani hukumu imekwisha kusomwa. La hasha! Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ni mara ngapi tumeanua nguo mbio mbio na mvua isinyeshe? Wako wenye e4 waliozeeka na akili zao timamu, na wako wagonjwa wengi wasio na e4 hata moja.

Isitoshe, mawingu ya Ulaya si mawingu ya Afrika. Huko Ibadan, Nigeria, watafiti waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba kwa miaka mingi wakiwalinganisha na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Mwaka 2001 walitangaza kuwa Wayoruba walikuwa wakipatwa na ugonjwa huu kwa kiwango cha chini zaidi. Tena kuwa na e4 moja hakukuonekana kuwazidishia hatari, ila baadaye ilibainika kuwa wenye mbili ndio wa kuangaliwa. Hapa kwetu, utafiti wa wazee wa Nyeri uliochapishwa mwaka 2010 haukuona uhusiano kati ya e4 na ugonjwa. Kampuni ya 23andMe iliruhusiwa mwaka 2017 kuwauzia Wamarekani kipimo hiki bila kupitia kwa daktari: unatema mate katika kichupa, unatuma, unangoja majibu. Sawa, lakini Mkenya akitema mate yake humo, hesabu atakazosomewa zimetokana zaidi na miili ya watu wengine. Ni kama kushonewa suti kwa vipimo vya jirani.

Usije ukadhani jeni zote za ugonjwa huu ni za kubahatisha. Ziko nyingine, chache mno, zisizo na mchezo. Katika jimbo la Antioquia, nchini Kolombia, kuna ukoo mkubwa wenye hitilafu katika jeni iitwayo PSEN1. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, kama kurusha shilingi juu. Anayeirithi huanza kusahau akiwa na miaka arobaini na kitu, umri wa wazazi wetu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo "upumbavu" na wengine wakaamini ni laana, hadi daktari wa huko, Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, alipoanza kuwafuatilia katika miaka ya 1980.

Kilichonigusa zaidi ni namna ukoo huo ulivyofanyiwa majaribio ya dawa. Watafiti wangechukua wenye jeni mbovu peke yao, kila aliyeitwa angejua papo hapo kwamba ameandikiwa. Kwa hiyo waliwachukua pia wasio nayo, ili kuitwa kusiwe jibu. Dawa yenyewe haikufua dafu, matokeo yakatangazwa mwaka 2022. Na hata hapo pana ajabu: mwaka 2019 iliripotiwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo aliyekuwa na jeni hiyo mbovu, lakini alikaa hadi miaka ya sabini ndipo akili ikaanza kuyumba. Alikuwa na aina adimu ya APOE, nakala zote mbili, na inaaminika ndiyo iliyomkinga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, watu hulisahau kabisa. Mtu husema, "Mate ni yangu, jibu ni langu." Hebu tupige hesabu. Umepimwa ukakutwa na e4 mbili. Zimetoka wapi? Moja kwa baba, moja kwa mama, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo umekwisha kuwapima wazazi wako wote wawili bila ruhusa yao! Kila mtoto utakayemzaa atapokea e4 moja, apende asipende. Na ndugu yako wa tumbo moja, hata asiyetaka kusikia habari hii, ana angalau nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa kama wewe. Umetema mate peke yako, na ukoo mzima umeandikwa.

Kenya tulijifunza jambo hili kwa UKIMWI: hupimwi kabla ya ushauri nasaha, na hupewi jibu ukaachwa uende zako. Ushauri husaidia kweli. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusu watu wazima waliokuwa na mzazi mwenye Alzheimer. Walioambiwa jeni yao baada ya kushauriwa vizuri hawakuingiwa na wasiwasi mwingi kuliko wasioambiwa. Tofauti ni kwamba mwenye virusi hupewa dawa za kumwezesha kuishi miaka mingi, ilhali mwenye e4 hana kidonge cha kuiondoa. Kuna dawa ya lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wa mwanzo mwanzo, nayo hupunguza tu mwendo wa ugonjwa. Hapo kipimo kina kazi, kwa kuwa wenye e4 mbili huelekea zaidi kuvimba au kuvuja damu ubongoni wakiitumia.

Kuhusu siri, sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti. Wamarekani walitunga yao mwaka 2008 kuzuia bima ya afya na waajiri kumbagua mtu kwa jeni zake, lakini bima ya maisha wakaiacha nje. Pengo hilo si dogo.

Na asiyepimwa je, aketi tu? Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilieleza mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani. Humo mna shinikizo la damu, kisukari, sigara, masikio yasiyosikia vizuri, upweke. Na lipo moja la kutuchekesha sisi tunaolalamikia kengele ya prep: kukosa elimu utotoni.

ZOEZI. Amani ana umri wa miaka 20. Mama yake hataki kabisa kupimwa, na amesema hivyo mbele ya watoto wote. Amani anataka kujua yake. Akikutwa na e4 mbili, amejua nini kuhusu mamake? Akikutwa na moja je? Na mamake akimwuliza jikoni, "Majibu yalisemaje?", amjibu vipi? Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga muhula.