Dada, wadogo zangu ni watu wa wapi?

Mdogo wangu, barua yako imenikaa moyoni. Unasema wadogo zako wawili walizaliwa Lilongwe, wakakulia Chinsapo kwenye duka la baba, na hata ndoto zao wanaziota kwa Chichewa. Mtaani waliitwa Maburundi, ingawa wazazi wenu wametoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika nchini Kongo. Halafu ikafika Mei 2023, serikali ikaanza kuwakamata wakimbizi wa mjini na kuwarudisha kwenye kambi ya Dzaleka, duka likafa. Sasa watoto wa kambini wanawacheka kwa Kiswahili chao cha kuokoteza. Yule wa miaka 12 hatoki tena nje. Unaniuliza: nimwambie nini ili ajijue yeye ni nani?

Kwanza usimwambie kitu, mpenzi. Mpe kazi, na umtafutie wenzake wa kuifanya naye.

Wazazi wetu wakiona mtoto anapotea humketisha na kumhubiria: sisi ni watu wa ziwa, babu yako alikuwa fulani, kwetu ni kuzuri. Siwalaumu, wanasema kwa uchungu. Lakini mtoto ambaye hajaliona hilo ziwa huyasikia maneno hayo kama mvua juu ya bati. Anangoja ikatike.

Ngoja nikupeleke Uganda, karibu na Mbale, kwa watu waliobakia kidogo tu wapotee. Wanaitwa Abayudaya, ni Wayahudi. Jamii yao ilianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, kiongozi wa vita wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza, aliposoma Biblia mwenyewe na kuamua kufuata Torati. Idi Amin aliposhika nchi aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili wapate kuishi. Jamii iliyokuwa na maelfu ikabaki na watu mia chache. Amin aliangushwa Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani. Fikiria mtu aliyeificha imani yake miaka minane, akafunguliwa jioni kama ile!

Ila kufunguliwa ni jambo moja, na kumrudisha kijana nyumbani ni jambo jingine. Waliosimama kuifanya kazi hiyo walikuwa vijana wenyewe. Miaka ya 1980 kundi lao, wakiwemo Gershom Sizomu na ndugu yake J. J. Keki, lilikwenda kuishi pamoja kwenye kilima cha Nabugoye. Walijifunza Kiebrania pamoja, wakazichukua sala za kale na kuzitilia sauti za kwao, wakaimba kwa Kiebrania na kwa Kiganda. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilizitoa nyimbo za jamii hiyo kwenye albamu. Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akawa rabi mwaka 2008. Leo wana shule ya msingi na ya sekondari, na ndani yake wanasoma pia watoto wa Kikristo na wa Kiislamu.

Sikuambii ubadili dini, la. Nataka uone namna yao ya kulea, maana Wayahudi wameishi ugenini karne nyingi na jambo hili wamelijaribu kuliko wengi wetu. Usiku wa Pasaka, mezani, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali, na wakubwa humjibu kwa kusimulia habari yote. Mvulana akifika miaka 13 husimama mbele ya watu wazima na kuisoma Torati, na katika jamii nyingi siku hizi wasichana nao husoma. Miezi kabla ya hapo anafundishwa, anakosea, anarudia. Na katika vyama vyao vya vijana, anayewaongoza watoto wa miaka 10 mara nyingi ni kijana wa 16 au 17, siyo mzee. Mtoto anamtazama mtu anayemzidi kidogo tu, anasema moyoni: kumbe nami naweza kuwa hivi.

Huyo wa kutazamwa ni wewe, una miaka 19.

Na uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Dzaleka ilikuwa gereza zama za Rais Kamuzu Banda, ikafanywa kambi mwaka 1994, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wanaozidi mno nafasi iliyopangwa. Taabu yake unaijua wewe kuliko mimi. Lakini hapohapo, mwaka 2014, mshairi Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kama Menes la Plume, alianzisha tamasha la Tumaini. Wasanii wa Malawi hupanda jukwaa moja na wakimbizi, na kuna wageni wanaolala kwenye nyumba za kambini na kula kinachopikwa humo. Wadogo zako wakiwaona Wamalawi wamesafiri kutoka mjini kuja kusikiliza ngoma za Warundi na nyimbo za Wakongomani, watapata jibu ambalo hotuba ya baba haiwezi kuwapa.

Basi anza na watoto sita au saba. Chagua siku moja ya wiki na saa moja, na usiihamishe hata mkiwa wawili. Kila mtoto awe na jukumu lake: mmoja apige ngoma, mmoja atwange majani ya sombe, mmoja aende kwa bibi wa jirani achukue hadithi moja na kuja kuisimulia. Huyo wa miaka 12 mpe jukumu la kufundisha Chichewa. Nasema kweli! Wanaomcheka wanakihitaji sokoni na shuleni, naye anacho. Akishaheshimiwa kwa anachokijua, atakubali kukosea Kiswahili mbele yao. Kaeni uwanjani au barazani, mahali panapoonekana, na wazazi wajue. Mtu mzima yeyote asijifungie na watoto wa wenzake, hata awe na sifa gani kanisani au msikitini.

Jambo moja nakusihi kwa nguvu. Usikubali kikundi kiwe cha kabila moja. Tumekimbia vita vilivyolishwa na hayo, na kuna wazazi watakaokuvuta huko wakidhani wanawalinda watoto. Watajie Keki yuleyule wa Nabugoye. Baada ya kuhangaika kote kuuokoa Uyahudi wa kwao, mwaka 2004 alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, akawaingiza wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Kwa hiyo mtoto wa Kirundi aje, wa Kinyarwanda aje, na Mmalawi wa kijiji cha jirani akija msimgeuze.

Umeandika kwamba nyimbo za Uvira wewe mwenyewe huzijui. Mama anazijua. Mwombe akufundishe mmoja wiki hii mkiwa jikoni, watoto wakisikia, kisha niandikie ni nani aliyeushika wa kwanza.