Msako wa Makopo: Anza kwa Kutafuta, Usianze kwa Kuficha



Wiki hii nawajibu nyinyi mnaoniuliza kuhusu mchezo wa geocaching. Mmoja wenu, binti wa Section Three anayesubiri kujiunga na chuo, amekuwa akitumiwa picha na binamu yake aliye Minneapolis: leo yuko kando ya ziwa ameshika kopo, kesho yuko chini ya daraja anaandika jina lake kwenye kijitabu. Sasa naye anataka. Swali lake ni hili: "Dada, nimeshapata kopo zuri la maziwa ya unga. Nilifiche wapi hapa Eastleigh lisionekane?"

Mdogo wangu, usilifiche popote. Mchezo wenyewe ni mzuri na natamani uucheze, ila umeanzia mwisho. Tafuta kwanza ya wenzako. Na unapotafuta, fanya waziwazi, kwa maana mtaani kwetu anayejificha ndiye anayeangaliwa.

Kwa wale ambao ndio kwanza wanausikia, nitaeleza kwa ufupi. Mtu huchukua kopo lisiloingia maji, akatia ndani kijitabu na pengine vitu vidogo vya kubadilishana, akaliweka mahali kwa idhini ya mwenyewe, kisha akatangaza namba za latitudo na longitudo za mahali hapo. Simu yako inakufikisha karibu, zile hatua za mwisho ni kazi ya macho yako. Ukilipata unaandika jina lako la mchezo na tarehe, halafu unalirudisha palepale ulipolikuta. Ukichukua kitu, weka kingine cha thamani hiyo au zaidi. Hakuna zawadi ya pesa, na yeyote atakayekuomba ada ya kukuonyesha hazina ni tapeli.

Mchezo ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazowafikia raia, hata mtu akaonyeshwa yuko mita 100 mbali na alipo. Uvurugaji huo ukazimwa usiku wa kuamkia Mei 2. Siku iliyofuata, mtu aitwaye Dave Ulmer akaacha ndoo yenye vitu msituni karibu na Portland, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti, na ndani ya siku chache watu wakaifikia. Leo kuna makopo zaidi ya milioni 3 duniani. Kenya nayo ina yake, ingawa ukilinganisha na miji ya Ulaya ni machache, kwa hiyo usitegemee kulikuta moja kila kona.

Sasa turudi kwenye kopo lako la maziwa. Wewe ni mtoto wa Eastleigh, unajua tulikotoka. Novemba 18, 2012, bomu lililipuka ndani ya matatu hapa kwetu. Machi 31, 2014, milipuko mingine ikaua watu sita, na siku chache baadaye ikaja operesheni ya Usalama Watch: milango ikagongwa usiku, watu wakabebwa kwa malori, wengine wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Katika nyumba nyingi za hapa hilo halijawa historia. Basi jiweke mahali pa soja wa jengo kubwa la maduka. Anamwona kijana amechutama nyuma ya jenereta, anapapasa chini ya bomba, anatazama kushoto na kulia, kisha anaacha kitu cha bati na kuondoka upesi. Soja afikiri nini? Atapiga kelele, na watu wa First Avenue hawatangoja maelezo yako kuhusu setilaiti.

Wala si Eastleigh tu. Mwaka 2011, katika mji mdogo wa Wetherby huko Uingereza, watu walimwona mtu akishughulika na kiboksi cha plastiki barabarani, wakaita polisi, na wanajeshi wa mabomu wakakilipua. Kilikuwa kiboksi cha mchezo huu. Kama Wetherby walitishika, sisi je?

Wachezaji wa ng'ambo hufundishana kutafuta kwa siri ili wapita njia wasigundue. Kanuni hiyo iache hukohuko. Ukifika mahali pa kutafuta, msalimie mlinzi kwanza, mwonyeshe simu, mwambie: "Nacheza mchezo wa ramani, kuna kikopo kimewekwa hapa kwa ruhusa, nakitafuta." Akikukataza, shukuru uondoke. Tembea na kitambulisho, au kadi ya shule kama hujafikisha miaka 18. Na kuna mahali ambapo hata ungeelekezwa na namba hupakaribii: ua wa Moi Air Base, vituo vya polisi, mitambo ya stima, na viwanja vya shule. Misikitini na makanisani nenda kusali. Kanuni za mchezo wenyewe pia haziruhusu makopo shuleni wala kwenye maeneo ya kijeshi, kwa hiyo ukiliona huko ujue kuna kasoro.

"Haya dada, nianzeje?"

Anza na simu uliyonayo, usinunue chochote. Pakua programu ya Geocaching, au kama simu yako ni ya Android, c:geo ambayo ni ya bure. Fungua akaunti ya bure, ile ya kulipia dola iache kabisa kwa sasa. Chagua jina la mchezo ambalo si jina lako la kwenye kitambulisho, na picha usiyovalia sare ya shule. Usiandike unakoishi. Mtu akikuandikia kwamba mkutane "akuonyeshe moja," mwambie uko sawa. Wanaotaka kukutana hupanga mikutano ya hadhara, na hiyo unaihudhuria na mwenzako.

Kisha jifunze kusoma ukurasa wa kopo kabla ya kupanda matatu. Utaona alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Anayeanza achague 1 au 1.5 kwa zote mbili. Tazama ukubwa: kuna makopo ya kubeba vitu, na kuna mengine madogo kuliko kidole gumba. Halafu tazama jambo ambalo wengi hulipuuza, yaani tarehe ya mwisho kupatikana. Kopo ambalo halijapatikana kwa miaka miwili, na watu watatu wa mwisho wameandika kwamba hawakuliona, usilichomee nauli.

Tuangalie namba zenyewe kwa karibu. Katikati ya Eastleigh huandikwa hivi: S 01° 16.500' E 036° 51.000'. Hiyo S ni kusini ya ikweta. Ukikosea ukaweka N, ramani itakupeleka Samburu, kaskazini-mashariki ya Maralal, karibu kilomita 280 kutoka hapa. Zile 16 na 51 ni dakika, na kwetu hapa karibu na ikweta dakika moja ni kama kilomita 1.85, uende kaskazini au mashariki. Tarakimu ya mwisho kabisa kulia ikibadilika kwa 1 umesogea chini ya mita 2. Ndiyo sababu namba ikikosewa mwanzoni inakupeleka kaunti nyingine, na ikikosewa mwishoni hata hutambui.

Lakini simu yako haina uhodari wa mita 2. Uwanjani penye anga wazi hukosea kwa mita chache. Katikati ya maghorofa, ishara ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kukufikia, na kile kidoti kikaruka kutoka duka la vitambaa hadi ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ukifika karibu, acha kukodolea kioo. Rudisha simu mfukoni, na hilo lina faida mbili, maana wanaonyakua simu kwa pikipiki nao wana macho. Jiulize: ningekuwa mimi, ningeliweka wapi lisilowe wala lisisombwe na mvua?

Kwa mazoezi ya kwanza sitaki hata utafute kopo. Panda namba 6 au 9 hadi mjini, utembee hadi Askari Monument pale Kenyatta Avenue, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, uliozinduliwa 1928. Zoezi ni hili: kabla ya kuondoka nyumbani zitafute namba zake kwenye ramani, uziandike kwenye karatasi, kisha ufike kwa kufuata namba tu. Ukifika, jibu maswali matatu. Sanamu ni tatu: wangapi wameshika bunduki? Yule mwingine amebeba nini? Maandishi yako kwa lugha ngapi? Kuna aina ya msako isiyo na kopo kabisa, ambapo ushahidi wako ni majibu kama hayo. Aina hiyo inaufaa sana mji wetu, kwa maana hakuna cha kumtisha mtu.

Ukishazoea, nenda penye miti. Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000, una njia zilizowekwa alama, walinzi, maporomoko ya maji na mapango. Ni msitu uliokaribia kumegwa kwa ajili ya majumba, Profesa Wangari Maathai na wenzake wakapigwa Januari 1999 wakiutetea. Arboretum nayo ni ndogo na iko karibu na mji, imekuwepo tangu 1907. Kote kuwili kuna kiingilio, kwa hiyo panga bajeti: nauli, kiingilio, maji. Chupa ya plastiki ya kutupa usiingie nayo msituni, ni marufuku tangu Juni 2020, beba ile ya kujaza tena. Fungua ukurasa wa kopo na upakue ramani ukiwa nyumbani, usije ukaishiwa na bando katikati ya mikaratusi.

"Mama hatakubali." Neno hili limekuja mara nyingi, hasa kwa wasichana, na sitakwambia umfiche mama. Mshirikishe. Mweleze unaenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi, na umwonyeshe kwenye ramani. Nendeni wawili au watatu, asubuhi, siku isiyo na duksi (madrasa), mrudi kabla ya magharibi. Buibui haliwezi kukuzuia kwenye njia za Karura, vaa viatu vya kufunga na suruali ndani basi. Kama mna mdogo wa miaka tisa au kumi mchukueni. Watoto huona vitu tusivyoviona, na mama humwachilia kwa urahisi binti anayetoka na mdogo wake.

Kuna siku utatafuta nusu saa na usilione. Usianze kuvunja matawi wala kung'oa mawe. Andika kwenye programu kwamba hukupata, bila haya. Taarifa hiyo inamsaidia mwenye kopo kujua labda limeibwa. Mtafutaji hachoki, na akichoka ujue amepata.

Na wewe binti wa kopo la maziwa, najua bado unalo. Ukishapata ya wenzako ya kutosha, ukajua lipi limewekwa vizuri na lipi ovyo, utaruhusiwa kuwaza la kwako. Kanuni zipo: kopo halizikwi ardhini, linakaa angalau mita 161 kutoka la mwingine, na mkaguzi wa kujitolea hulipitia kabla ya kutangazwa. Mimi nakuongezea za mtaa. Pata ruhusa ya mwenye mahali, na kwenye jengo usiishie kwa keateka, mfikie mwenyewe. Mjulishe mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Andika juu ya kopo ni kitu gani, kwa Kiswahili, na kwa Kisomali pia kama unaweza. Chagua chombo unachoona ndani yake, kwa mfano chupa ya glasi yenye kifuniko kinachobana, kuliko bati lisiloonyesha lina nini. Kijitabu usikifunge kwa mfuko wa nailoni, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017. Na ulitembelee kila baada ya wiki chache, hasa masika. Kama huwezi kulitunza, usiliweke.

Ila kama ningekuwa wewe, ningeanza na msako wa maswali hapahapa Eastleigh. Chagua mahali pa wazi pa kutosha matembezi ya saa moja. Kila mahali pawe na swali moja linalojibika kwa kutazama kutoka barabarani: mlango una rangi gani, ngazi ni ngapi, mwaka gani umechongwa ukutani. Jibu la kwanza liwe tarakimu ya kuwafikisha mahali pa pili. Wape rafiki zako, na wa mwisho kufika awanunulie wote shaah. Binamu yako akija likizo, mpe karatasi hiyo uone kama Minneapolis imemfundisha kusoma mtaa wa mama yake.

Jumamosi hii basi: ruhusa ya mama, kadi mfukoni, mwenzako mmoja, na namba za Askari Monument kwenye karatasi. Majibu ya yale maswali matatu niandikieni, nione nani alikwenda na nani alipekua intaneti.