Seremala wa Batsinda na Kodi Yake

Wenzangu, wengi wetu tutaondoka hapa mwaka huu kwenda kutafuta kazi, na mashirika ya hisani ni mengi mjini Kigali. Kwa hiyo nataka kuwaeleza hesabu moja niliyoifanya wakati wa likizo.

Kwetu ni Batsinda, katika sekta ya Kinyinya, walikohamishiwa watu wa Kiyovu mnamo 2007 na 2008. Baba yangu mdogo ni seremala huko. Shirika moja la hisani lilimwambia achague: ama aajiriwe kwa mshahara wa faranga 200,000 kwa mwezi, ama awe mkandarasi wa kujitegemea kwa malipo yale yale. Jirani wakasema, "Shirika la hisani halitozwi kodi, basi nawe hutatozwa." Hilo ni kosa. Msamaha ni wa shirika. Mshahara wa mtu wake hutozwa kama mshahara mwingine wowote.

Nikachukua kalamu. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2022, faranga 60,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo mpaka 100,000 ni asilimia 10, yaani 4,000; kutoka 100,000 mpaka 200,000 ni asilimia 20, yaani 20,000. Jumla ni 24,000 kwa mwezi, au 288,000 kwa mwaka. Tena hukatwa asilimia 6 ya pensheni, naye mwajiri hutia asilimia 6 yake, na asilimia 2 juu yake kwa ajali za kazini. (Makato madogo ya uzazi na mutuelle nayaacha.)

Sasa mkandarasi. Mapato yake ya mwaka ni 2,400,000, na mfanyabiashara mdogo aliyejiandikisha, mwenye mapato ya 2,000,000 mpaka 4,000,000, hulipa 60,000 tu kwa mwaka. Baba mdogo alicheka kwa furaha, akataka kwenda kutia sahihi siku ile ile.

Nikamwuliza, "Baba, umejiandikisha?" Alikuwa bado. Basi shirika lingepaswa kuzuia asilimia 15 ya malipo yake, yaani 30,000 kila mwezi, au 360,000 kwa mwaka, kuliko hata kodi ya mwajiriwa!

Na tuseme amejiandikisha. Kodi inapungua kwa 228,000. Lakini zile asilimia 8 za mwajiri, ambazo ni 192,000 kwa mwaka, hazipo tena, wala likizo yenye malipo haipo. Kwa mtu ashikaye msumeno kila siku, bima ya ajali si jambo dogo. Mimi nilishangaa kuona faida yote imebaki 36,000.

Kisha nikauliza, "Nani atakupangia saa?"

"Wao, mwanangu. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi, katika karakana yao, kwa vyombo vyao."

Hapo ndipo penye shina la jambo. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2018, afanyaye kazi chini ya amri ya mwingine kwa mshahara ni mwajiriwa, na kumwita mkandarasi katika karatasi hakumbadilishi.

Baba mdogo alirudi kuomba mkataba wa ajira. Alipotaja pensheni walitazamana, wakasema watamjibu. Nilipopanda basi kurudi shuleni jibu lilikuwa halijafika.